Pembe, Mdeki na Beti: Ufundi wa Zana za Gobori na Hatima ya Msamiati Wake

Utangulizi

Dai kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha ya kuelezea ufundi limerudiwa mara nyingi katika semina na kumbi za mihadhara hivi kwamba baadhi ya wanafunzi wamelipokea kama kweli isiyohitaji ushahidi. Makala haya yananuia kulipima dai hilo. Badala ya kuchukua uwanja wa tarakilishi au tiba, ambako istilahi nyingi ni changa, tutachukua ufundi mkongwe: uundaji wa mkono wa zana ndogo zinazoandamana na bunduki ya kushindiliwa kupitia mdomo wa kasiba. Bunduki hiyo ndiyo Waswahili waitayo gobori, na katika baadhi ya maeneo ya Tanzania gobore au gobole.

Hoja yetu ni moja. Kiswahili kiliwahi kuwa na msamiati kamili wa silaha hii, tena msamiati uliosajiliwa katika kamusi. Yale maneno yaliyopata kazi nyingine katika maisha ya watu yangali hai. Yale yaliyofungamana na chombo kimoja tu yamelala. Njia ya kuyaamsha ni kuelezea kazi yenyewe hatua kwa hatua, kwa lugha yenyewe. Kwa hivyo makala haya ni somo la ufundi na papo hapo ni somo la lugha.

Tahadhari inafaa kutangulia. Hatuzungumzii uundaji wa bunduki wala utengenezaji wa baruti. Nchini Kenya, silaha za moto zinadhibitiwa na Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na vilipuzi vina sheria yake, Sura ya 115. Zana tutakazozieleza ni vyombo vya pembe, ngozi, mti na shaba ambavyo hata aliye mbali kabisa na silaha anaweza kuviunda kama sanaa.

Jinsi gobori inavyofanya kazi

Haiwezekani kuelewa zana bila kuelewa kazi inayozihitaji. Bunduki za kisasa hutiwa kiasi, yaani risasi iliyokwisha kufungwa pamoja na baruti na kiwashio chake, kutoka upande wa nyuma. Gobori haina kiasi cha namna hiyo. Mpigaji humimina kipimo cha baruti nyeusi mdomoni mwa kasiba, kisha huweka risasi, kisha huichukua fimbo nyembamba iitwayo mdeki na kushindilia vyote hivyo mpaka vikae chini kabisa. Baada ya hapo huandaa kifa, yaani ile sehemu inayopokea moto wa kuwashia.

Katika bunduki ya gumegume, jiwe gumu lililobanwa kwenye nyundo hupiga bamba la chuma, cheche zikaangukia baruti laini iliyo katika kisahani, na moto ukapenya kwenye tundu hadi ndani. Katika bunduki ya fataki, kisahani hicho hakipo; pana kichuchu kinachovikwa kofia ndogo ya shaba yenye dawa inayolipuka ikigongwa. Msingi wa mtindo huu wa pili uliwekwa na kasisi wa Uskoti, Alexander Forsyth, aliyepata hataza ya uwashaji wa kugonga mwaka 1807. Kofia zenyewe zilienea katika miongo iliyofuata.

Kutokana na utaratibu huu, mpigaji anahitaji chombo cha kuwekea baruti, chombo cha kuipimia, mfuko wa risasi na vikorokoro, fimbo ya kushindilia, na kitu cha kuzibulia kifa. Kila kimojawapo kimezaliwa na hatari au usumbufu fulani, wala hakuna ambacho ni pambo tupu.

Asili ya ufundi huu

Ufundi tunaouzungumzia ulifikia kilele chake Amerika ya Kaskazini katika karne ya 18. Katika eneo la Pennsylvania, hasa pande za Lancaster, mafundi wenye asili ya Kijerumani walianza kuunda bunduki ndefu yenye kasiba iliyochongwa mifuo ya mzunguko kwa ndani. Mifuo hiyo huizungusha risasi na kuifanya iende mbali bila kuyumba. Wawindaji na walowezi waliotumia bunduki hizo waliishi mbali na maduka, kwa hivyo walijiundia zana nyingi kwa mikono yao wenyewe kutokana na pembe za ng'ombe, ngozi za paa na miti ya misitu.

Katika vita vya Waingereza na Wafaransa vya 1754 hadi 1763, askari walikuwa na desturi ya kuchora juu ya pembe zao za baruti: ramani za mito na ngome, majina yao, tarehe na mahali. Miongoni mwa wachoraji wanaokumbukwa sana ni John Bush, mtu mweusi huru kutoka Shrewsbury, Massachusetts, aliyechora pembe za wenzake karibu na Ziwa George mnamo 1755 na 1756. Ngome ya Fort William Henry ilipoanguka Agosti 1757, Bush alichukuliwa mateka na hakurudi tena kwao. Kazi za mkono wake zimehifadhiwa, na wataalamu wa sanaa hiyo huziona kuwa chemchemi ya mtindo mzima wa uandishi na nakshi katika pembe.

Ufundi huu haujafa. Nchini Marekani, chama cha kitaifa cha wapenzi wa bunduki hizi kiliundwa mwaka 1933, na makao yake yamo katika kijiji cha Friendship, jimboni Indiana. Mjini London, chama cha mafundi wa pembe kilipata hati ya kifalme mwaka 1638 na kingalipo.

Afrika Mashariki nayo ina historia yake. Katika karne ya 19, bunduki za kushindilia ziliingia kwa maelfu kupitia Unguja na kusafiri bara pamoja na misafara ya pembe za ndovu. Watawala wa bara kama Mirambo wa Unyamwezi, aliyefariki mwaka 1884, walijenga nguvu zao kwa vikosi vya ruga-ruga vilivyobeba silaha hizo. Mwaka 1890, Mkataba wa Brussels ulizuia uingizaji wa bunduki zenye mifuo na silaha bora katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha mwanya kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Hii ni sababu mojawapo iliyofanya gobori lidumu mikononi mwa Waafrika wakati majeshi ya kikoloni yakiwa na silaha za viasi. Tofauti hiyo ilionekana wazi katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907.

Pembe ya baruti

Pembe ya ng'ombe ni nyepesi, haipitishi maji, haitoi cheche ikigongwa, na ikikwanguliwa vizuri huwa angavu kiasi cha kumwezesha mwenyewe kuona baruti imebaki kiasi gani. Ni vigumu kupata chombo kifaacho zaidi. Ufundi wa pembe si mgeni kwetu pia, kwani jamii kadhaa za Kenya, Wamaasai wakiwemo, zimetumia pembe ndogo kuhifadhia tumbaku ya kunusa. Fundi atumie pembe ya ng'ombe aliyechinjwa, si ya mnyamapori, maana nyara za wanyamapori zinalindwa na sheria ya mwaka 2013.

Kwanza, pembe mbichi huwa na kiini cha mfupa ndani yake. Pembe hulowekwa majini kwa majuma kadhaa au kuchemshwa mpaka kiini kilegee na kuchomoka. Kisha huoshwa kwa sabuni, hukwanguliwa ndani, na kuachwa ikauke kivulini.

Pili, fundi hutafuta mahali uwazi wa ndani unapoishia. Huingiza waya mwembamba kupitia mdomo mpana mpaka ugote, akaupima urefu huo kwa nje na kutia alama. Sehemu kati ya alama hiyo na ncha ni pembe tupu isiyo na uwazi. Hukata ncha kwa msumeno, kisha hutoboa kwa keekee tundu la milimita 5 hadi 6 kutoka nchani hadi uwazi wa ndani. Kazi hii hutaka subira, kwa kuwa pembe imepinda, na keekee ikienda mrama hutokea ubavuni na kuharibu yote.

Tatu, mdomo mpana wa pembe kwa kawaida si duara. Hapa ndipo fundi hufuata mafunzo ya wahenga kwamba ngozi huvutwa ingali na maji. Pembe ni maada ya jamii moja na kucha na nywele, nayo hulainika kwa joto la maji. Mdomo huo hutumbukizwa katika maji yanayochemka kwa muda wa dakika kumi na tano hivi, kutegemea unene wake. Ukishalainika, fundi husukuma ndani kipande cha mti kilichochongwa mfano wa pia na kukiacha humo mpaka pembe ipoe kabisa. Ikipoa hubaki na umbo jipya la duara.

Nne, hutengenezwa kitako cha mti mkavu, kilichochongwa kikaingia kwa kubana. Mti mbichi haufai, maana hunywea ukikauka na kuacha nafasi. Kitako hufungwa kwa vijiti vidogo vilivyopitishwa katika matundu membamba kuzunguka ukingo, kisha maungio hujazwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Ili kujua kama pembe inavuja, fundi huziba tundu dogo kwa kidole na kuizamisha katika maji ya uvuguvugu. Vipovu vikitokea, nta huongezwa palipo na kasoro.

Tano, huja kazi ya umbo na urembo. Upande wa nchani hupunguzwa kwa tupa ili upatikane mkato wa kushikilia kamba. Mwili wote hukwanguliwa kwa kisu au kwa ukingo wa kioo, hupigwa msasa, na kung'arishwa kwa majivu laini na mafuta. Vumbi la pembe hudhuru mapafu, kwa hivyo fundi hufunga kitambaa puani na mdomoni. Anayetaka nakshi huchora kwanza kwa penseli, huchanja michoro kwa ncha ya sindano ngumu, husugua masizi yaliyochanganywa na mafuta, kisha hufuta. Rangi hubaki katika michanjo pekee. Mwishowe huchongwa kizibo cha mti mgumu kinachoingia tunduni kwa kubana, na pembe hutiwa ukanda wa kuning'inizia begani.

Kipimio cha baruti

Mtu anaweza kuuliza kwa nini baruti isimiminwe moja kwa moja kutoka pembeni hadi kasibani. Jibu ni kwamba baada ya kila mlio huenda ikabaki cheche ndani ya kasiba. Ikiwa baruti inamiminwa kutoka katika pembe iliyojaa, cheche moja hupandisha moto hadi ndani ya pembe iliyo mkononi mwa mtu. Kwa sababu hii sheria ya kwanza ya mafundi na wapigaji ni kwamba baruti ihamishiwe kwanza katika chombo kidogo. Likitokea la kutokea, itawaka baruti ya mlio mmoja tu.

Chombo hicho huundwa kwa ile ncha ya pembe iliyokatwa, kwa mfupa, kwa kipande cha mwanzi au kwa bomba la shaba. Fundi hutoboa shimo dogo, hulinganisha ujazo wake na kipimio kilichothibitishwa, kisha huongeza kina kidogo kidogo. Anayetoboa kupita kiasi hana njia ya kurudisha alichokiondoa. Kipimo cha desturi huitwa punje, ambapo punje 7000 hufanya ratili moja na punje 15.4 hukaribia gramu moja. Baruti nyeusi hupimwa kwa ujazo, na ndiyo pekee iliyokusudiwa kwa silaha hizi pamoja na badala zake zilizoidhinishwa. Baruti ya kisasa isiyo na moshi ina nguvu inayoweza kupasua kasiba na kumuua mpigaji.

Mwanafunzi wa mofolojia atatambua kwamba tumeandika kipimio, wala hatukuandika kipimo. Tofauti hii si ya bahati. Kipimo hutokana na pima na hutaja kadiri au matokeo ya kupima. Kipimio hutokana na kauli ya kutendea, pimia, na hutaja kifaa cha kupimia. Njia hiyo hiyo imetupa kifyatulio kutokana na fyatulia. Hivyo basi, Kiswahili kina mtambo wake wa ndani wa kuzalisha majina ya ala: kiambishi ki-, kitenzi katika kauli ya kutendea, na irabu -o mwishoni. Fundi akihitaji jina la kijiti kifupi cha kuanzia kusukuma risasi kabla ya mdeki kuingia, halazimiki kukopa. Atakiita kianzio, na kila Mswahili atamwelewa.

Mdeki

Neno mdeki lina asili ya Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuponda na kushindilia. Mafundi wa Marekani huunda fimbo hii kwa mti wa hikori, unaosifika kwa kupinda bila kuvunjika. Jambo la msingi ni mwelekeo wa nyuzi za mti. Ubao ukikatwa kwa msumeno, msumeno hufuata mstari wake wenyewe na kuzikata nyuzi kwa mshazari. Mti ukipasuliwa kwa shoka na kabari, mpasuko hufuata nyuzi zenyewe. Mdeki wenye nyuzi zilizokatwa mshazari unaweza kuvunjika wakati wa kushindilia, na kigongo chake chenye ncha kali kikapenya kiganja cha mwenyewe. Kwa hivyo fundi mwangalifu hupasua kwanza, kisha huchonga taratibu, hupiga msasa na kupaka mafuta. Kichwa huvikwa shaba, kwa kuwa shaba ni laini na haikwaruzi kasiba.

Beti, viraka na kichokoo

Beti ni mfuko mdogo wa ngozi wa kuchukulia risasi na zana. Fundi huukata kwa kufuata kielelezo cha karatasi, hutoboa matundu kwa msharasi, na kushona kwa uzi wa katani uliopakwa nta. Mshono unaopendekezwa ni wa sindano mbili zinazopishana katika kila tundu. Faida yake ni kwamba uzi mmoja ukikatika, wa pili huendelea kushika. Ndani ya beti hukaa risasi, viraka, mafuta, mawe ya akiba na kisu kidogo.

Kiraka ni kitambaa cha pamba au kitani kinachopakwa mafuta na kuizunguka risasi ili ikae kwa kubana katika mifuo. Mafuta hayo ni jambo dogo lililowahi kutikisa dola. Mwaka 1857, askari wa Kihindi katika jeshi la Kampuni ya Mashariki ya India walipewa bunduki mpya ya Enfield, ambayo karatasi za viasi vyake zilipaswa kung'atwa kwa meno. Ilivuma kwamba karatasi hizo zilipakwa mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe, jambo lililowachukiza Wahindu na Waislamu sawia. Yalikuwepo malalamiko mengine makubwa, lakini hilo lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyochochea maasi yaliyozuka Meerut mwezi Mei mwaka huo.

Kifa nacho huziba kwa masizi ya baruti. Hapo huhitajika kijiwaya chembamba cha kuzibulia, ambacho tunapendekeza kiitwe kichokoo cha kifa. Kichokoo ni neno la zamani litokanalo na kitenzi chokoa, na linafaa kabisa. Huundwa kwa waya wa shaba uliopindwa kitanzi upande mmoja, ukafungwa kwa mkufu au ugwe kwenye beti usipotee.

Kwa upande wa risasi zenyewe, wapo wanaozisubu nyumbani katika kalibu ya chuma, shaba au jiwe laini. Madini ya risasi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 327 za Selsiasi. Madini haya ni sumu, hasa kwa watoto, na kazi hiyo hufanywa nje penye hewa, mbali na chakula, na mikono huoshwa baadaye.

Maneno yaliyohama na maneno yaliyolala

Baada ya kuifuata kazi, sasa tunaweza kuutazama msamiati wake. Maneno yaliyotumika hapo juu yanagawika katika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni maneno yaliyohama. Kiasi lilianza na maana ya kadiri, likapanuka kutaja baruti ya mlio mmoja, kisha likataja risasi ya kisasa yenye ganda. Leo kila muuza sukari hulitumia bila kukumbuka bunduki. Risasi ni jina la madini kabla ya kuwa jina la kile kitokacho kasibani. Mtambo lilitaja utaratibu wa kufyatulia, na leo hutaja mashine kubwa kubwa za viwandani. Fataki, ile kofia ndogo ya kuwashia, imekuwa milipuko ya sherehe. Isitoshe, nchini Tanzania, kupitia kampeni ya redio iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 2000, fataki likawa jina la mwanamume mzima anayewarubuni wasichana wa shule. Kushindilia kumetoka kasibani kukaingia katika magunia, masanduku na hata vichwa vya watahiniwa. Gumegume nalo husikika katika kauli ya mume gumegume, yaani mume asiyefaa kitu. Hapa pana swali zuri la semantiki: je, tuna neno moja lenye maana mbili au maneno mawili yaliyofanana sauti?

Kundi la pili ni maneno yaliyolala: mdeki, kifa, korofindo ambalo ni jina jingine la gobori, na kwa kiasi fulani beti. Haya hayakupata makao mapya. Yalifungamana na kitu kimoja, na kitu hicho kilipotoka katika maisha ya wengi, yalibaki katika kurasa za kamusi kama ile ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya uongozi wa Frederick Johnson. Mwanafunzi wa leo akitafsiri maandishi ya karne ya 19, huenda akaandika "fimbo ya kusukumia baruti" pale ambapo neno moja lenye silabi tatu lingetosha.

Yapo maoni kwamba maneno ya aina hii yaachwe yafe, kwa kuwa bunduki zenyewe zimepitwa na wakati. Maoni hayo yana mantiki ya kiasi, kwa sababu hakuna lugha inayobeba kila neno lililowahi kutamkwa. Hata hivyo, yanasahau mambo mawili. Kwanza, gobori halijatoweka. Hadi leo hutajwa katika habari za uwindaji haramu na katika matangazo ya usalimishaji wa silaha nchini Tanzania, na mwandishi wa habari, mkalimani wa mahakama na mhifadhi wa makumbusho wanahitaji kuzitaja sehemu zake kwa usahihi. Pili, historia ya misafara, ya Mirambo na ya Maji Maji haiwezi kuandikwa vyema kwa Kiswahili na watu wasiojua zana za wakati ule ziliitwaje.

Hitimisho

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Pembe yenye nakshi iliyo katika kabati la makumbusho ilipitia maji ya moto, keekee, tupa na msasa; na neno lililo katika kamusi lilipitia vinywa vya wapagazi, mafundi na wawindaji kabla ya kusajiliwa. Katika makala haya tumeweza kueleza uundaji wa pembe, kipimio, mdeki na beti kwa maneno ambayo mengi yao yalikuwepo, na machache tuliyoyahitaji yakazaliwa na sarufi ya Kiswahili yenyewe. Dai la upungufu wa maneno, angalau katika uwanja huu, halina msingi. Upungufu uliopo ni wa maandishi yanayoelezea kazi za mikono kwa kina.

Kwa hivyo tunapendekeza kwamba wanafunzi wa isimu na fasihi wajizoeze kuandika maelezo ya ufundi: ujenzi wa mtumbwi, ufumaji wa mkeka, uhunzi, ushonaji wa viatu. Waende kwa fundi, wasikilize anavyoviita vifaa vyake, ndipo wafungue kamusi. Anayekimbilia kubuni istilahi kabla ya kufanya hivyo huenda akaunda neno la tatu pale ambapo mawili tayari yanangoja kutumiwa.

Maswali ya mjadala

1. Kwa kutumia mifano mitano isiyo katika makala haya, eleza jinsi kauli ya kutendea inavyozalisha majina ya vifaa katika Kiswahili.

2. Linganisha hatima ya maneno fataki na kifa. Ni mambo gani ya kijamii yaliyolifanya moja lienee na jingine lilale?

3. Chagua ufundi mmoja wa mkono unaopatikana katika eneo lako. Andika maelezo ya hatua zake kwa maneno 500, ukibainisha istilahi ulizozipata kwa fundi, ulizozitoa katika kamusi na ulizoziunda mwenyewe.